Jiwe la Mama Mkwe

Luciana hakuwa mjinga, jamani, tuelewane mapema. Siku alipouza nusu ya shamba lake pale Mandewa alionyesha kila mti na kila mpaka, wazee wawili wakashuhudia. Kitu kimoja tu hakukitaja, kwa sababu kwao hakuna aliyewahi kukitaja: jiwe. Jiwe halilimwi wala halipandwi. Nani anauza jiwe? Yeye aliuza shamba.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na mji wa Singida unapanuka kila kukicha. Palipokuwa pakipandwa uwele zikaanza kuota nyumba. Luciana, mjane wa marehemu Philipo, alikuwa amechoka na tembe lake la udongo lililomvujia kitandani kila masika. Basi akamuuzia Abdulazizi, mfanyabiashara wa vitenge, akabomoa tembe na kujenga nyumba ya bati. Mvua ya kwanza ilipolipiga lile bati, alikaa kitandani mkavu, akicheka peke yake.

Kicheko kilikwisha mvua zilipopungua. Luciana alikuwa mama wa mlenda. Majani aliyachuma mwenyewe, akayaanika, akayatwanga, na wanawake wa sokoni wakaugombania. Miaka yote aliuanika sehemu mbili: juu ya paa la tembe, maana lilikuwa bapa, na juu ya jiwe kubwa lililo hatua chache kutoka mlangoni pake. Tembe ndilo hilo kalibomoa. Bati lina mteremko, na ukiweka mlenda juu yake upepo wetu huu unaupeleka Manyoni bila nauli. Chini kwenye mkeka, malori ya mchanga na matofali yalikuwa yakipita kutwa yakitimua vumbi, na mlenda wenye mchanga ni aibu ya ukoo mzima. Likabaki jiwe.

Sisemi kwamba ujirani mpya haukuwa na raha zake. Mashine ya kusaga ilisogea mpaka karibu, yeye aliyezoea kubeba uwele kichwani hadi mjini. Bomba lilifika kwa jirani. Wateja walimfuata nyumbani. Lakini watu wenyewe sasa! Redio tatu kwa mpigo, kila moja na wimbo wake. Ukienda kwao, geti limefungwa, unapiga hodi mpaka koo linakauka. Wao wakija kwako, hodi hawaijui, wanakatiza uani na mabeseni yao kama wanapita sokoni. Hilo lilimuudhi Luciana kuliko vumbi.

Abdulazizi yeye alikuwa na adabu. Alitangulia kujenga vyumba viwili vya uani, akahamia na mkewe Saada, ambaye alikuwa amejifungua juzi juzi tu. Ijumaa moja akaja na mwanamume mwenye nyundo begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mama, huyu ni Antipasi, mpasua mawe. Jumatatu anaanza kulichoma jiwe, tupate mawe ya msingi. Nakuomba uanue majani yako."

Luciana alimtazama yule mwenye nyundo.

"Jiwe gani tena, baba? Mimi nilikuuzia shamba."

"Na jiwe liko ndani ya mpaka, mama," alisema Abdulazizi, kwa upole kabisa. "Tena hilo ndilo lililonivuta. Msingi wa bure!"

Luciana hakubishana. Kwenye karatasi ya mauzo kulikuwa na dole gumba lake. Na alijua jinsi jiwe linavyouawa: linazungushiwa kuni na matairi mabovu, linachomwa kutwa nzima mpaka linapasuka, kisha nyundo zinamalizia. Usiku ule alilia, nisikufiche. Bila jiwe hakuna mlenda, na bila mlenda angekuwa bibi mwenye bati zuri anayeomba chumvi kwa watoto wake.

Sasa, mama yake Saada, Bi Mwanabaraka, alikuwa amekuja kutoka Pangani kumlea mwanawe mpaka arobaini itimie. Maskini, upepo wa Singida ulimkomesha! Alivaa sweta mbili za mitumba na bado meno yakagongana. Jumamosi asubuhi akamwona Luciana juu ya jiwe akigeuza majani. Akapanda polepole, akagusa jiwe kwa kiganja. Akakaa. Akanyoosha miguu.

"Lahaula! Joto lote hili mmelificha wapi siku zote?"

"Jua ndilo linalolipika, dada," Luciana alimjibu. "Keti, hata magoti yatakushukuru."

Wakaketi mpaka alasiri. Walizungumza juu ya magoti, wakwe na watoto wasioandika barua, na Bi Mwanabaraka akaapa kwamba samaki ni chakula na mlenda ni dawa. Kuhusu moto wa Jumatatu, Luciana hakusema neno. Aliomba kitu kimoja tu.

"Jumatatu naenda kuchuma majani. Utanifukuzia kuku, dada?"

"Kuku? Nitakaa hapa mpaka jua lizame."

Kama Luciana alipanga au hakupanga, mwulize mwenyewe. Mimi nilimwuliza, akacheka.

Jumatatu Antipasi akafika na kuni zake na matairi. Juu ya jiwe, katikati ya mlenda, Bi Mwanabaraka amenyoosha miguu, fimbo ya kuku mkononi. Antipasi akamfuata Abdulazizi. Abdulazizi akaja, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Abdulazizi akajikuna shingo. Mkwe amwambie mama mkwe ondoka? Kwa mdomo upi?

"Mama, hawa... wanataka kuwasha moto kidogo hapa."

"Mungu akuzidishie, mwanangu! Umejuaje kama nasikia baridi? Washeni tu, mimi sisogei."

Antipasi aligeuka upande akajifanya anakohoa. Abdulazizi akakimbilia kwa mkewe.

"Saada, mwambie mama yako ashuke!"

"Mimi? Juzi hakulala kwa magoti, leo kapanda jiwe mwenyewe. Kamwambie wewe mkwewe."

Jumanne ikawa vile vile, na Jumatano pia. Alhamisi Abdulazizi akaagiza lori moja la mawe kutoka kwingine, uso umekunjamana. Mtaa mzima ulicheka, isipokuwa Luciana. Lori moja halitoshi msingi, na arobaini ina mwisho. Kila siku aliyopanda jiweni kumsalimu rafiki yake aliona imepungua siku moja.

Siku ya safari alimfungia Bi Mwanabaraka mfuko mkubwa wa mlenda, wakakumbatiana, basi likaondoka. Kesho yake alfajiri Luciana alichukua ungo akaanue majani kabla ya moto. Alimkuta Antipasi anachimba msingi na kamba imekwisha kuvutwa. Akaifuata kamba kwa macho. Ilitoka kwenye minyaa ya mpakani, ikaja moja kwa moja hadi karibu na jiwe, pale ikapinda, ikalipita ubavuni. Jiwe lilibaki nje.

"Sebule imekatwa robo," alisema Abdulazizi nyuma yake. "Mama kaniapia, akirudi mwakani asipolikuta jiwe lake atalala gesti. Mama mkwe alale gesti, mimi nitatembea wapi mji huu? Na yeyote anayetaka kuanika, nimemwambia akuombe wewe. Mimi simo."

Luciana aliweka ungo chini akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, bila kujificha.

Haukupita mwezi mtaa ukaliita Jiwe la Mama Mkwe. Hapo Luciana akapandwa na hasira. Yeye kaanika hapo tangu alipoletwa bibi harusi, leo jiwe limepewa jina la mgeni wa siku arobaini! Alikuwa bado ananung'unika hivyo, akigeuza majani, alipomwona Ritha wa nyumba yenye geti la bluu anakuja na beseni la dagaa. Naye ni mmoja wa wale wakatiza uani bila hodi.

Ritha alifika chini ya jiwe, akasimama. Hakupandisha hata mguu mmoja.

"Hodi!"

Luciana alitazama huku na huku. Hodi, jiweni? Akajipangusa mikono, akakaa vizuri.

"Karibu, mwanangu, panda. Ila dagaa wako wakae kule upepo unakoelekea."