Jeneza la Asukile

Tusekile hakuwahi kukusudia kutengeneza majeneza. Alianza hapa Ilomba na meza moja na randa ya kuazima, akichonga stuli. Leo ana mafundi kumi na tisa, na shule za Mbeya na Iringa huagiza madawati kwake. Lakini watu hufa, na wafiwa hukimbilia kwa fundi wanayemjua.

Kazi zilipozidi, daftari lilimshinda. Madawati ya shule ya Nyololo yakapelekwa Mbalizi, akafokewa kwenye simu mpaka akalia. Ndipo alipoamua kununua programu ya kompyuta ya kupanga kazi za karakana. Baada ya kuchuja, zilibaki mbili. Moja ilikuwa nzuri, tuseme ukweli: ilipanga foleni ya mashine, ilihesabu mbao, na kazi ikiisha ilimtumia mteja ujumbe yenyewe. Nyingine ilikuwa nzito, haitumi chochote, kila kitu uandike mwenyewe. Akaichukua ile nzuri kwa majaribio.

Siku ya nne akaja mwanamume na kamba yenye fundo, kipimo cha urefu wa kaka yake aliyefariki. Karani, Ezron, akauliza kama tunavyouliza sote jeneza linapoagizwa:

"La nani?"

"La Asukile."

Ezron akaandika Asukile kwenye nafasi ya mteja, akaomba namba. Simu ya yule bwana ilikuwa imeisha chaji, akatoa ya marehemu, maana ndiyo iliyokuwa ikipokea rambirambi. Hakuna aliyeona kosa. Hata mimi nisingeliona.

Saa kumi jeneza likakamilika, na simu ikalia mkononi mwa mjane, Lea, katikati ya wanawake waliokaa mikekani: "Habari Asukile! Oda yako iko tayari. Karibu tena."

Karibu tena! Mashine haina haya kabisa.

Habari zilipomfikia Tusekile, alivua koti la kazi akaenda msibani. Nani angemletea tena kamba ya mtu wake, kama kwake wafu wanadhihakiwa? Akapiga magoti mbele ya mjane.

"Ndaga, pole mama. Nisamehe. Hiyo programu naitoa leo leo."

Lea alikuwa bado ameishika simu. "Mashemeji wamekasirika," akasema. "Mimi hapana. Toka juzi kila mtu anasema mwili. Mwili umefika? Mwili unalala wapi? Huu ujumbe wako tu ndo umemwita Asukile."

Tusekile akaketi mkekani kando yake. Wakalia pamoja.

Baada ya mazishi alimpigia Jofrey, muuzaji wa ile programu nzuri, akamweleza yote.

"Rahisi tu, dada," Jofrey akasema. "Majeneza tutayaingiza kwa namba, bila jina. Ujumbe hautaenda kwa mtu."

"Ana jina."

"Naelewa, ila kwenye sistimu..."

"Nimesema ana jina, kaka."

Akakata simu, akaenda kuilipia ile nzito. Jeneza likiisha, wafiwa huwapigia yeye mwenyewe.