Taa Iliyoangalia Migomba

Gari letu lilikuwa na taa mbili za mbele na kila moja ilikuwa na mambo yake. Ya kulia iliangalia barabara, kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa mapema. Ya kushoto iliangalia migomba. Tabia hiyo ilianza siku mume wangu alipoliingiza gari kwenye shamba la jirani, ingawa mpaka leo anashikilia kwamba mgomba ndio uliomfuata. Zote mbili zilikuwa balbu za halojeni za zamani, njano iliyochoka, na ukiwasha vifuta maji zilipungua nguvu kidogo kwa sababu umeme wa gari lile ulikuwa wa kugawana.

Dereva nilikuwa mimi. Nanunua viazi kwa wakulima wa Isongole na kuviuza kwenye kibanda changu sokoni Tukuyu, na nyumbani kwetu ni Makandana, hapo hapo mjini. Kila jioni nilikuwa nashuka kutoka Isongole, napita Kiwira, na viroba vimepangwa mpaka kiti cha abiria. Ukungu ukiwa umeshuka, au mvua ikinyesha, yaani karibu kila siku, watu wa njia nzima walinitambua kwa taa. Bodaboda wa Kiwira walikuwa wakisema, "Mama Viazi huyo, macho yake hayo." Sikuona cha kukasirikia. Wapo wanaotambuliwa kwa mambo mabaya zaidi.

Aliyenitambua kuliko wote alikuwa baba mkwe wangu, na huyo ndiye aliyekuwa akiniumiza.

Nyumba yake iko kati ya Kiwira na Tukuyu, ndani kidogo, mwisho wa njia inayotokea kwenye lami. Jioni nikikaribia pale nilikuwa namkuta amesimama kando ya barabara, mwavuli mweusi juu, mabuti ya mpira chini, koti refu katikati. Taa zangu zikimfikia tu, anageuka na kuingia kwenye migomba. Mzee hakujua kwamba taa ya kushoto nayo inaingia humo humo. Ilimfuata mpaka ndani na kunionyesha mgongo wa koti na mwavuli ukipigana na majani, halafu mimi nikapita.

Najua ni desturi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Hamwiti kwa jina, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja lazima aache njia. Anayeacha njia ni mwanamke, lakini mimi nilikuwa na gari, na gari haliingii kwenye migomba, ukiondoa ile siku ya mume wangu. Kwa hiyo mzee alibeba zamu yake na yangu.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Baba yangu mzazi alikuwa anakula na wake za kaka zangu na kuwatania kwamba ugali wao unaweza kujengea ukuta. Nilipoolewa huku niliambiwa mambo ya mkwe, nikacheka, nikadhani ni ya siku ya harusi tu. Miaka ikapita. Watoto wakazaliwa, babu yao akawabeba mgongoni, akawachongea magari ya mbao, mimi nikiingia uani anatokea mlango wa nyuma. Nilikuwa naufahamu mgongo wake kiasi kwamba ningeutambua hata katikati ya gulio.

Ningevumilia kama wazee wote wangekuwa hivyo. Lakini wengi wa umri wake wameshalegeza. Namwona mzee wa jirani akisalimiana na mkamwana wake mlangoni pa kanisa, mkono kwa mkono, na mbingu haijaanguka. Wangu hakulegeza hata kidogo. Basi nikaanza kuwaza vibaya. Labda hii mila ni pazia tu. Labda alimtakia mwanawe binti wa Kinyakyusa anayejua kupika mbalaga, zile ndizi za huku, akaletewa mtu wa Dodoma anayelalamikia mvua, na desturi ikampa sababu nzuri ya kutonitazama mpaka afe. Nilimuuliza mume wangu: baba yako ananiheshimu au hanitaki? Akanijibu, "Ni mila tu, mama." Mume wangu ukimuuliza swali la moyo anakujibu kama ofisa wa utamaduni.

Kwenye mambo ya magari ndipo anapokuwa na hisia. Alikuwa ameona taa za LED kwenye simu ya rafiki yake, na tangu hapo hakuwa na raha. Usiku ananiamsha nione video ya mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, akiwasha taa gerejini kwake. Alisema balbu za halojeni zimepitwa na wakati. Alisema ananihurumia ninavyotoka Isongole kwenye ukungu na vitu viwili vinavyofanana na vibatari. Nikasema asante, kwa kuwa mwanamke akihurumiwa hapaswi kubisha. Akanunua kwenye duka la spea mjini, akampelekea fundi umeme, nao wakakaa juu ya boneti nusu siku wakikata waya na kusifiana.

Jioni wakaniita nje. Gari lilikuwa limeelekezwa kwenye ukuta wa jiko letu. Mume wangu akahesabu kama anayerusha roketi, akawasha. Ukuta ukawa mweupe pe. Niliona nyufa ambazo sijawahi kuziona na masizi niliyodhani nimeyasugua. Jogoo wa jirani akawika. Watoto wakapiga makofi, na fundi akanigeukia kwa fahari. "Mama, kwa taa hizi unaona mpaka Malawi!"

Ile ya kushoto alikuwa ameinyoosha pia. Alisema alishangaa ilivyokuwa imekaa, akaifunga kwa skrubu mpya.

Malawi sikuiona. Siku ya kwanza nimetoka Isongole, ukungu umelala juu ya lami kama kawaida yake, nikawasha. Mwanga ukaenda hatua chache, ukagonga ukungu, ukarudi wote machoni mwangu. Ilikuwa kama kuendesha ndani ya sufuria ya maziwa. Nilitoa kichwa dirishani nikafuata ukingo wa lami mpaka ukungu ulipoachia, nikiwa nimelowa nywele zote. Huko chini malori yakaanza kunipigia fulu kwa hasira, yakidhani nimewasha fulu, kumbe ndiyo dimu yenyewe, ile ya chini. Bodaboda mmoja Kiwira alijikinga uso na kunitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha gari lilipompita akanitambua, akasema, "Aa, shikamoo mama."

Nilimweleza mume wangu. Akasema, "Hiyo sasa ndiyo heshima barabarani."

Wiki hiyo mambo mawili yalibadilika, nami nikayaelewa yote kinyume. La kwanza, baba mkwe aliacha kuingia kwenye migomba. Nilimwona palepale kando ya lami, mkono juu ya macho, anaangalia upande wa Kiwira, na mimi nikampita amesimama vilevile. Nikajisemea: kumbe sasa hata kunikwepa kumemchosha, nimekuwa si kitu. La pili, mama mkwe akaanza kumpigia mume wangu simu kila jioni kuuliza kama nimeshafika. Hakuwa na kawaida hiyo. Nikajua wanaanza kuchunguza narudi saa ngapi. Mume wangu alimjibu, "Amefika zamani, mama," kisha akaendelea kumsimulia habari za taa.

Jioni moja mvua ilinyesha ile ya Tukuyu hasa, isiyo na mwanzo wala mwisho. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na nyumba zote za kando ya barabara zilikuwa giza ingawa jioni ilikuwa bado haijaisha. Nilipokaribia njia ya mkwe wangu nilimwona kwa mbali ameingia kabisa kwenye lami, mwavuli mkono mmoja, mkono mwingine anapunga. Ananisimamisha.

Nilifunga breki. Nilidhani kuna msiba. Akaja upande wa abiria, akainamia dirisha lililokuwa wazi kidogo. Kati yetu kulikuwa na kiroba cha viazi kilichokaa kitini kama abiria aliyelipa. Kilinifunika uso wote. Hata bila hicho asingeniona, maana macho yake yalikuwa bado yamejaa zile taa, anayapepesa na kuyafuta kwa mkono wa koti.

"Kijana," akasema kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa, "taa hisi utapofusha watu. Sheitani mwenyewe hana taa kama hisi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yangu yote kusikia sauti yake ikielekezwa kwangu. Nikakaa kimya, viganja juu ya usukani.

"Haya, si neno, nyie vijana ndivyo mlivyo. Nakuulisa, mwanangu. Huko ulikotoka hukukuta gali dogo, taa sake sa njano? Moja inaangalia migomba."

Nilijibanza zaidi nyuma ya kiroba.

"La mkamwana wangu hilo. Anatoka Isongole na viasi. Kila siku nasimama hapa mpaka apite, nikiona taa naingia ndani, nakula. Wiki hii sisioni. Mama yao anapiga simu, wanasema amefika. Amefikaje, na mimi sijamwona? Na leo simu imesima, umeme hakuna." Akafuta macho tena. "Ni mgeni na mvua hisi, yule mtoto. Kwao hakuna mvua. Kama amekwama huko juu, nipeleke, mwanangu. Nitakupa ndisi."

Hapo nikaanza kulia, na nililia kwa kujibana kama mtu anayejizuia kukohoa kanisani. Nilitaka kufungua mlango na kusema, baba, ni mimi. Lakini nilijua ningefanya nini. Ningemfanya mzee wa watu, aliyeitunza heshima yangu miaka yote kwa kupigana na majani ya migomba, ajikute amesimama kwenye lami uso kwa uso na mkamwana wake, akiwa amemwita kijana na kumtajia shetani. Asingetoka tena barabarani. Na nikikaa kimya nikaondoka, angebaki pale kwenye mvua kumngoja mtu aliyempita.

Nikazima zile taa. Nikaacha zile ndogo za pembeni, za kuegeshea, ambazo fundi kwa rehema za Mungu hakuzigusa. Zilikuwa za njano. Zikawaka kwa uchovu wao wa zamani, na kila vifuta maji vilipopita zilipungua nguvu kidogo.

Mzee aliinua kichwa. Aliangalia mbele ya gari, akaangalia kile kiroba. Kisha akarudi nyuma, taratibu, akashusha mwavuli mpaka ukawa katikati yetu na sikumwona tena zaidi ya mabuti. Mvua ilipiga juu ya mwavuli, na juu ya bati la gari, na hatukuwa na la kufanya wote wawili.

Ndipo akasema na gari. Aliligonga mlango kwa kiganja, polepole, kama anavyogonga ubavu wa ng'ombe wake akishamkamua.

"Ee, gali," akasema. "Kumbe ni wewe. Mwambie mwensio aende pole pole, kule kwenye dalaja maji yamejaa. Mwambie watoto wanamngoja. Ndaga. Ndaga fijo."

Ndaga ni asante. Sijui hadi leo alilishukuru gari kwa lipi. Yale mabuti yakageuka, yakaingia kwenye migomba.

Nilifika nyumbani na taa zile ndogo, pole pole kama nilivyoagizwa. Mume wangu alitoka na mwavuli akauliza kama LED zimeungua. Nikamwambia nataka balbu zangu. Alibishana nami wakati wa kula, akabishana kitandani, akanionyesha video. Nilipomsimulia aliyoyasema baba yake aliweka simu chini. Halafu akaenda kuzitoa zile halojeni kwenye kopo la kahawa alikozificha. Alikuwa ameshindwa kuzitupa.

Kazi ilikuwa kwa fundi. Balbu alirudisha, kwa huzuni. Lakini nilipomwambia alegeze skrubu yake mpya na kuirudisha taa ya kushoto ilivyokuwa, aliweka bisibisi chini.

"Iangalie wapi, mama?"

"Migomba."

Akamgeukia mume wangu kuuliza kama ninaumwa. Mume wangu akamwambia, "Ni mila tu, fundi."

Siku hizi mzee anasimama palepale. Taa zikimfikia anageuka, anaingia, na ile ya kushoto inamfuata ndani. Zamani nilikuwa nakanyaga mafuta nipite upesi. Sasa napunguza mwendo, nazima taa mara moja na kuziwasha tena. Kule kwenye majani mwavuli unapanda juu, unashuka, halafu baba mkwe wangu anaenda kula.