Sufuria ya Kamba Nyekundu

Mandazi ya Pélagie yalifunikwa kwa sinia la chuma, na juu ya sinia aliweka jiwe. Wageni walidhani ni kwa ajili ya nzi. Watu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, walijua kwamba bila lile jiwe yangepaa. Siku moja alilisahau, na matatu yakamponyoka, yakapita juu ya bati la kanisa yakielekea ziwani. Mpaka leo kuna mvuvi anayeapa kwamba aliokota kitafunio cha chai ndani ya mtumbwi wake, kikiwa bado cha moto.

Mwanamke huyo alitoka Fizi, Kongo, mwaka wa tisini na nane, vita vilipopamba moto, na alichookoa nyumbani mwake ni vitu viwili: amira, aliyoifunga kwenye kitambaa cha kichwa, na mumewe Léopold. Watoto, Pacifique wa kwanza akitangulia, walikuja kwa miguu yao. Alipofika Nakivale, mtaa wa Base Camp, akajenga jiko la udongo, akaanza kukaanga, na Léopold akalima vitunguu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shambani, Léopold alikula mandazi kumi na moja. Si kumi, si kumi na mawili. Wanawake wengine wana cheti cha ndoa. Pélagie alikuwa na yale kumi na moja.

Basi Léopold akaanza kuugua tumbo. Lilimwendesha asubuhi, likamvimba mchana, na jua likizama linanguruma mpaka mbwa wa jirani wanaitikia. Alikonda hata kivuli chake kikawa kinene kuliko yeye, na siku za upepo Pélagie alimtia mawe mfukoni kabla hajapanda baiskeli. Walijaribu majani machungu, wakajaribu novena, zile sala za siku tisa. Dawa aliyoiamini Pélagie kuliko zote ilikuwa ya mikono yake mwenyewe: akamwongezea mandazi, yakawa kumi na matano.

Mwaka 2011, Alhamisi moja ya mwezi wa pili, Léopold alipeleka vitunguu mjini Mbarara kama ilivyokuwa desturi yake, akapitia hospitali. Jioni alirudi akasema kwamba munganga, maana ndivyo Wakongomani wanavyomwita daktari, amempima na hakuna neno kubwa. Kesho yake alikula mandazi mawili akasema ameshiba. Keshokutwa akasema jino linamuuma. Siku ya nne Pélagie aliyakuta yote nyuma ya choo, kuku wakiyagombania.

Alingoja mtu wake akonde zaidi ili apate kumhurumia. Lakini Léopold alianza kunenepa.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, wala haukupiga hodi. Mume akikonda nyumbani kwako, watu wanakupa pole. Mume akikataa mkono wako kisha akanenepa, watu hawakwambii lolote, wanakutazama tu. Bugali na maharage alikula, sawa, lakini vivyo hivyo walikula wote, na hajazaliwa mtu aliyenenepa kwa maharage ya mgao. Mashavu yalirudi, shingo ikarudi, hata ule wimbo aliokuwa akiuimba wakati wa uchumba ukarudi. Pélagie aliyatazama yale mashavu kama mtu anayetazama viatu vipya miguuni mwa mumewe, na hajui nani kavinunua.

Akaanza upelelezi. Kila Alhamisi jioni alimnusa shati. Pua ya Pélagie ilijua moshi wa kila jiko kuanzia Base Camp hadi Kaberebere. Ukimdanganya kwamba umelala njaa, alikutajia ulichokula na aliyekipakua. Shati lile lilinuka moshi asioujua. Alhamisi nyingine alimwambia Léopold apanue mdomo walitazame lile jino, na katikati ya meno akaona punje ya kahawia. Ulezi. Pélagie hapiki ulezi. Ugali wa ulezi, ambao Wanyankole wa Mbarara wanauita karo, unasongwa kwa mikono ya mtu, na mikono hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe bila shaka ana kiuno.

Kisha ikaja Jumapili. Wakati wa komunyo watu walipanga mstari, na Léopold akabaki kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Katika kanisa lile hata watoto wanajua maana ya mtu mzima anayebaki kwenye benchi: ana dhambi ambayo hajaiungama. Jirani yao Eugénie, mwanamke ambaye ulimi wake hufika nyumbani kabla ya miguu, alimshika Pélagie bega pale mlangoni akasema pengine Baba Pacifique ana vidonda vya miguu. Alisema kwa huruma, na huruma ya Eugénie iliwasha kuliko pilipili.

Alhamisi iliyofuata jiko la Pélagie lilikaa baridi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Fizi. Léopold alipopakia vitunguu vyake kwenye lori la mahindi na kuketi mbele na dereva, mkewe alikuwa tayari juu, katikati ya magunia, amejifunika turubai. Lori liliposimama Kaberebere alichungulia kwenye tundu. Akamwona dereva akimkatia mumewe nusu ya chapati, na mumewe akikataa. Akamwona amesimama mbele ya mama anayekaanga muhogo, anauliza kitu, anachungulia karai, anatikisa kichwa, anaondoka. Mwisho alinunua ndizi ya gonja iliyochomwa kwenye makaa na mayai mawili ya kuchemsha, akayamenya mwenyewe. Anaacha nafasi tumboni, Pélagie alijiambia. Kuna anakokwenda kula.

Mbarara, Léopold alishusha vitunguu sokoni, akaenda moja kwa moja hadi hoteli ndogo karibu na kambi ya wanajeshi, bila kusita kwenye kona hata moja. Pélagie alizunguka nyuma akaingilia mlango wa jikoni. Na hapo, kando ya masufuria makubwa ya askari, akaiona: sufuria ndogo yenye kifuniko chake, imefungwa kamba nyekundu. Msichana wa jikoni alinyoosha mwiko aifungue, na mwanamke mmoja mnene akamzuia.

"Hiyo acha. Iko ya mzee wangu wa Nakivale."

Mzee wangu. Nywele za Pélagie zilisimama zikakiinua kitambaa. Yule mwanamke mnene, ndiye Stellah mwenye hoteli, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akachukua kitambaa kisafi akafuta meza ya Léopold, kisha akampelekea sufuria nzima: karo, samli nyeupe, na nyama juu yake, kama anavyoandaliwa askofu. Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa Pélagie hakuwahi kumnawia mtu mpaka viwikoni.

Sufuria haikupata kutulia mezani. Pélagie alitoka jikoni akainyakua, akaiweka kwenye kiti, akaikalia. Ilikuwa ya moto. Hakuinuka.

"Mama Pacifique," alisema Léopold.

"Nakuuliza neno moja tu, Baba Pacifique. Huyu mwanamuke anakupikiaka tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililochoma zaidi. Askari waliacha kutafuna.

"Nyabo, mama," Stellah alisema kwa upole, "hiyo sufuria iko ya mgonjwa. Simama, utaungua."

"Niko naungua tangu mwezi wa pili."

Kwenye meza ya pembeni alikuwepo Sajini Byaruhanga, mwanamume mpana kama kabati la nguo, na sahani yake ilikuwa bado tupu. "Mama, hata mimi roho inauma," alisema. "Mimi ndiye bwana ya huyu Stellah, na sina sufuria. Nakula ya mwisho, tena na kijiko ya watu."

Askari wakacheka, na kicheko kile kikampa Léopold nafasi ya kusema, macho yakiwa mezani. Munganga alimwambia kwamba ngano na tumbo lake haviwezi kukaa nyumba moja, hata kiasi cha chembe. Si mandazi tu. Mkate, chapati, biskuti, mchuzi uliotiwa unga ili uwe mzito, hata muhogo uliokaangwa kwenye mafuta yaliyopikiwa mandazi. Hata hostia ya komunyo, maana nayo ni ngano. Siku ile alizunguka Mbarara na njaa, kila hoteli anauliza wametia nini, watu wakamdhania mkaguzi wa afya, wengine mchawi. Stellah peke yake alivuta kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtengea sufuria isiyoguswa na unga mwingine.

"Na mimi?" Pélagie alisema. "Mimi sina kiti?"

"Wewe unauzisha mandazi. Batu bakisikia mandazi ya Mama Pacifique inaua bwana yake mwenyewe, nani atanunua? Nilikuwa nakuchunga."

Pélagie aliinuka polepole kutoka kwenye sufuria. Mtu angedhani wivu umekwisha. Haukwisha, ulibadilisha nguo tu. Mwanamke anayejua kitanda cha mumeo, huyo unamvuta nywele mkamalizana. Lakini anayelijua tumbo lake, tena miezi sita kabla yako wewe uliyelijaza maisha yako yote, huyo utamvuta nini?

Akamwambia Stellah amfundishe kitu cha kukaanga kisicho na ngano. Stellah akamfundisha kabalagala, zile chapati nene ndogo za ndizi mbivu iliyopondwa na unga wa muhogo. Alimweleza kwa utulivu: ndizi ziive mpaka zitoke madoa, unga uchekechwe, karai liwe jipya na mafuta yawe mapya. Pélagie alisikia ndizi na unga. Habari za karai hazikumwingia. Mtu aliyekaanga tangu hajaota meno ya ukubwani hafundishwi karai, tena na mwizi wa matumbo.

Ijumaa alfajiri alimwekea Léopold kabalagala kumi na moja. Alizila zote, na machozi yakamtoka kwa utamu, na Pélagie akaimba akiosha vyombo. Jua lilipofika utosini lile tumbo likanguruma na mbwa wakaitikia. Léopold alilala siku tatu. Kila akizinduka alisema maneno yaleyale, kwamba zilikuwa tamu.

Alhamisi Pélagie alipanda lori peke yake, safari hii mbele na dereva, anakwenda kumnyonga Stellah. Hakuwa na shaka hata kidogo. Amefundishwa nusu, na nusu nyingine imefichwa ili mume arudi mwenyewe kwenye kamba nyekundu. Aliingia jikoni, akamwaga matusi ya kwao Fizi, ya Kifaransa na mengine aliyoyabuni njiani. Stellah aliendelea kufuta sahani mpaka yakaisha.

"Ulikaanga na mafuta gani?"

Pélagie akaliona moyoni karai lake kule nyumbani, na mafuta meusi aliyokuwa akiyaongezea mwaka hadi mwaka bila kuyamwaga, kwa kuwa aliamini utamu uko humo. Akaona na chini yake, yale makombo ya mandazi yaliyolala kama tope la ziwa. Laiti Stellah angecheka, ingekuwa nafuu. Hakucheka. Aliichukua ile sufuria ndogo, akaiosha, akamkabidhi na kamba yake.

"Beba. Ya yeye iweke mbali na ya watu."

Ndiyo maana nyumba ya Pélagie ina majiko mawili. La mandazi liko barabarani. La Léopold liko ndani, na karai lake halishikwi na mtu mwingine, na kabla ya kuligusa Pélagie hunawa mpaka mabegani ili amshinde Stellah. Biashara haikufa. Watu walisema chakula chenye nguvu ya kumlaza mwanamume kama yule si cha mchezo, wakanunua zaidi. Padri naye alipoelezwa akaanza kumpa Léopold kikombe cha divai badala ya hostia, na mwezi haukuisha Eugénie na nusu ya kwaya wakagundua kwamba na wao matumbo yao hayaelewani na ngano.

Alhamisi Léopold huondoka na sufuria yake imejaa. Stellah ana ruhusa ya kuipasha moto na si zaidi. Kamba nyekundu inafungwa mafundo saba, fundo la Fizi la kufungia vikapu vya samaki, ambalo Pélagie alifundishwa na mama yake. Léopold anajua kuyafungua, kuyafunga hajui, kwa hiyo kila Alhamisi jioni sufuria ilirudi tupu na kamba ikiwa mfukoni.

Mpaka Alhamisi moja iliporudi imefungwa. Mafundo saba, yamekaa sawasawa.

"Nani amefunga?" Pélagie aliuliza.

Léopold alisema ni Stellah, aliyatazama tu wiki kadhaa akayajua.

Ndani, kwenye kipande cha jani la mgomba, mlikuwa na kabalagala moja. Pélagie aliichukua akaenda nayo nyuma ya nyumba. Aliuma kidogo. Kulikuwa na tangawizi, jambo ambalo yeye hakuwahi kuliwazia. Akaila yote, akalamba na jani, akajifuta mdomo kwa kanga, kisha akarudi ndani akamwambia mumewe kwamba kusema kweli haina chumvi.

Alhamisi iliyofuata sufuria iliondoka Nakivale na mafundo manane. Ndani mlikuwa na kabalagala kumi na mbili: kumi na moja za Léopold, na moja ya Stellah, yenye tangawizi mara mbili, ili ajue.