Fundi Kimya na sauti ya nne ya kaka yake

Saa mbili asubuhi, ukumbi bado mtupu. Sabufa, ile spika kubwa ya besi, imeketishwa kwenye benchi la mbele kama mgeni rasmi. Mwenye mitambo hii ya sauti yuko sakafuni, anatambaa kwa magoti na viganja kando ya ukuta, suruali imejaa vumbi.

“Shemeji, umeangusha nini huko?” anauliza mjane wa kaka yake, aliyeingia na ufagio.

“Natafuta pa kumweka mumeo,” anajibu. Hacheki.

Wenzake humwita Fundi Kimya, jina la ajabu kwa mtu anayeishi kwa kukodisha kelele. Leo hana mteja. Mchana familia inakumbuka mwaka mmoja tangu kaka yake afariki. Marehemu aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa, katika kwaya, na rekodi yake itapigwa humu.

Kwenye benchi lile ndipo mama yao atakapoketi. Masikio yake yamechoka. Sauti nyembamba hazimfikii tena, nzito bado anazipata. Ndiyo maana Kimya ameiweka sabufa mahali pa mama, naye anatambaa kutafuta besi inasikika safi wapi. Akipapata, sabufa itahamia hapo, na mama ataisikia safi vilevile akiwa benchini.

Siku ya maziko Kimya alikuwa mfiwa, mitambo ikafungwa na mtu mwingine. Rekodi ilipopigwa, besi ilinguruma, spika kuu zikalia, lakini katikati ya sauti hizo palikuwa na shimo, na sauti ya marehemu ikatumbukia humo. Mama alisikiliza wimbo hadi mwisho, kisha akauliza: “Huyu anayeimba ni nani?”

“Swali lile linaniuma mpaka leo,” Kimya anamwambia mjane.

Sabufa inahamishiwa karibu na mlango wa kushoto. Kimya anapunguza besi, anaongeza, anapunguza tena. Wateja wengi hutaka madirisha yatikisike. Yeye anataka besi isijulikane inatoka wapi.

“Ukiweza kunyoosha kidole ukasema besi iko pale, ujue bado sijamaliza.”

Hata hivyo, kwenye rekodi sauti ya kaka bado inapwaya. Anapita nyuma ya sabufa, anabonyeza kiswichi kidogo ili spika hiyo isukume pamoja na zile kuu, zisivutane. Rekodi inarudiwa.

Mjane anaacha kufagia. Anaketi chini palepale na kulia, na Kimya hamnyamazishi.

Mchana mama analetwa akishikwa mkono, anaketishwa benchini. Wimbo unaanza. Kwa muda uso wake hauonyeshi kitu. Kisha anamkamata mkwewe mkono.

“Ndiye,” anasema. “Mwanangu ndiye huyo.”

Kimya anageukia mitambo yake na kujifanya anakagua nyaya.

Watu wanapotawanyika, mjane anamuuliza sasa ana mpango gani. Hazungumzii spika mpya.

“Nimerekodi maharusi, mikutano, kwaya za watu. Sauti ya mama sina hata moja. Wiki hii naenda kwake na maikrofoni.”

Anainama na kumwambia mama jambo hilo sikioni, kwa sauti nzito na ya polepole. Mama anamtazama kwa mashaka.

“Mimi kuimba siwezi. Nitakugombeza tu.”

“Nigombeze, mama,” anasema Kimya. “Nigombeze siku nzima.”