Jike Mpya Mwenye Mimba

Nawaambia hili mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa kazini. Mimi ni Mtanzania, nasoma hapa Durban, na theluji naijua ile ya kwenye friji tu. Lakini kibarua changu ni kuhesabu chui wa theluji. Kamera zimefungwa kwenye miamba ya milima ya Asia, picha zinanifikia hapa mtaani kwetu Albert Park, nami nawatofautisha chui kwa madoa yao.

Wiki iliyopita nikaona mgongo mpana wa kijivu umeinama kwenye theluji. Kichwa hakikuonekana. Nikalinganisha madoa yake na ya chui wote tunaowajua, hayakufanana na ya hata mmoja. Chui mpya! Nikamwita Papa Didier, Mkongomani ninayeishi naye.

"Eish, huyu iko na mimba," akasema. "Angalia vile iko mnene."

Nikaamini. Nikaandika kwenye ripoti: jike, mzee kidogo, mnono, karibu atazaa. Nikaomba na mkataba wangu uongezwe.

Jana tukakutana kwa video, timu nzima, pamoja na Daktari Aigul, mkuu wetu, mama ambaye kamera zile alizifunga kwa mikono yake. Nikaonyesha picha, nikaisoma ripoti kwa madaha, hadi sehemu ya ukubwa wa makalio.

Daktari akainuka, akafungua kabati lililokuwa nyuma yake, akarudi amevaa koti la manyoya ya kijivu, lenye madoadoa.

"Sina mimba," akasema.