Kona ya Kobe

"Usinitajie kobe ndani ya nyumba ya ndugu yangu," wifi aliniambia, akakibamiza kikombe mezani mpaka chai ikarukia kitambaa cha mteja.

Binti yangu, fundi cherehani ambaye chumba cha mbele ndicho kiwanda chake, alikivuta kitambaa kile bila kuinua uso. Ametuzoea. Mimi nikamjibu wifi kwamba nyumba hii ni yangu pia, matofali yake niliyabeba kwa kichwa hiki hiki, na kama kobe hatajwi humu ndani basi marehemu mwenyewe angelala nje maisha yake yote.

Tulikuwa tunagombania kibao. Nje, mbele kabisa ya mlango wetu, pale barabara kuu inapokata kona, vibarua wa manispaa walikuwa wanachimba shimo la nguzo. Nguzo itabeba kibao, na kibao kitabeba jina la kona, kwa heshima ya mume wangu marehemu, dereva wa rola lililoishindilia barabara hii kutoka kichwa mpaka mkia. Bwana wa manispaa alikuja juzi, akanywa chai yetu, akasema wenye marehemu tukubaliane jina moja kabla saruji haijamwagwa. Tukishindwa, kona itaitwa kwa jina la kile kituo cha mafuta cha ng'ambo ya barabara.

Mimi nilitaka iitwe Kona ya Kobe, maana Kobe ndivyo mji mzima ulivyomwita. Wifi, dada yake wa pekee, alitaka jina lake kamili: lake, la baba na la babu, na "Marehemu Mzee" mbele kama mlinzi wa geti. Binti yangu alisema jina hilo litahitaji kibao cha kuanzia hapa mpaka hospitali.

Barabara yenyewe kila mtu anaijua. Inaanzia stesheni ya reli, inapita posta yenye saa iliyolala mishale chini kama masharubu ya mlevi, inapita mahakama na nguzo zake nene, inapita ukuta wa hospitali, inalipasua soko kubwa katikati, inafika kwetu, inakata kona, halafu inashuka darajani na huko inaacha ujana wa mjini inakuwa barabara ya safari. Wakubwa wameibadilisha jina mara tatu. Kwanza jina la bwana mmoja ambaye hakuwahi kuikanyaga, kisha tarehe, kisha jina la mgeni aliyesemekana anakuja, akaahirisha. Sisi tunaiita Kuu, inaitika.

Mimi Kuu nimeipita yote kinyumenyume. Sitanii. Kazi yangu ilikuwa kulowesha gurudumu la rola, lile pipa la chuma la mbele, kwa sababu likikauka linang'ang'aniwa na lami na kuibandua kama ngozi ya maziwa. Kwa hiyo natembea mbele ya rola, nikilitazama, debe mkononi, namwaga maji huku narudi nyuma. Kisogo changu ndicho kilichoiona barabara hii kwanza. Uso ulikuja kuambiwa baadaye. Mpaka leo nikiingia chumbani watoto hunigeuza.

Na juu ya rola alikaa yeye, kofia imeshuka machoni, akisikiliza. Watu walidhani anasinzia. Alikuwa anasikiliza kokoto. Zikiwa zinasaga meno, bado, zikinyamaza, tayari. Rola lake lilikuwa la polepole hivi kwamba kuku mmoja alitaga kwenye kivuli chake pale posta, akaatamia, akaangua, na vifaranga wakatoka wanajitegemea kabla kivuli hakijawapita.

Uchumba wetu nao ulikwenda kwa mwendo huo. Stesheni aliniambia neno moja, "Maji." Posta akaniuliza mimi ni wa nani. Kutoka posta mpaka mahakama hakusema kitu, anafikiri, masika yote. Kufika mahakama akaniuliza kama nitaolewa naye, nikamwambia mbele ya jengo lile mimi sisemi neno, wasije wakaliandika. Hospitali lami ikamuunguza mkono, nikaufunga kwa upindo wa kanga yangu, nikaona ule mkono siwezi kuuchukua bila mwenyewe. Sokoni nikakubali, palikuwa na mashahidi wengi na vitunguu vilikuwa bei nafuu. Tulipofika darajani huyu fundi cherehani alishakuwa tumboni, ndiyo maana hawezi kukaa kwenye nyumba isiyo na ngurumo.

Wifi hayo yote anayajua, na nusu yake hayaamini. Hasa haamini habari ya kona. Mimi nimewaambia watu kwamba mume wangu aliipinda barabara kwa makusudi, ili mkewe apate mlango unaotazama njia mbili. Wifi husema kila mara, na siku ile akasema tena, kwamba palikuwa na jabali. Jabali lipo, silikatai. Liko nyuma ya jiko letu, tunaanikia nguo juu yake. Lakini nani ameliuliza jabali upande wake wa maneno?

Basi nikamwambia aniache na uongo wangu, nimsimulie kweli yangu moja, kwa nini aliitwa Kobe.

Akanikata kauli. Alisema sababu anaijua: watoto wa mtaani. Alipozeeka akatembea na fimbo, walimfuata hapo hapo konani wakiimba kobe, kobe, naye wifi aliwahi kuwafukuza kwa kiatu mkononi na bado anawakumbuka sura, wawili sasa ni madereva wa teksi. Ndugu yake alipewa jina na baba yao siku ya arobaini, amebebwa mikononi, jina la babu aliyekuwa mtu mbele za watu. Hapo sauti yake ikabadilika, na hata cherehani ikanyamaza.

"Ndugu yangu hakuwa mnyama," alisema. "Sina kingine cha kumfanyia. Niachie nimrudishie jina lake."

Mtu akisema hivyo huwezi kumtania. Nilikunywa chai kidogo. Kisha nikamwambia polepole, "Alikuwa anaitika, wifi. Ukimwita Kobe, anageuka anacheka. Ukimwita lile jina refu anauliza nani amekufa."

Binti yangu aliuma uzi akasema ni kweli, baba alikuwa anaulizia msiba.

Nikasimulia. Kona ndiyo kipande cha mwisho kilichobaki, kwa ajili ya hilo hilo jabali la wifi. Mafundi walilipiga baruti, wakatangulia darajani, wakarudi kumalizia. Mkubwa wa kufungua barabara alitazamiwa wiki inayofuata. Akaja asubuhi ile. Tunasikia honi kutoka sokoni, magari meusi yamefuatana kama siafu, na sisi ndio kwanza lami imemwagwa konani, inatoa moshi. Msimamizi akaja mbio, anampungia mume wangu mkono apishe.

Hakupisha. Na hapa ndipo watu wasiojua kazi wanapomwona mume wangu mkaidi. Rola halisimami juu ya lami ya moto. Likisimama linazama, na lile bonde halitoki tena mpaka kiama. Na ukiiacha lami ipoe haijashindiliwa, mvua moja tu inakuonyesha tumbo lake. Linatakiwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila pupa na bila kusimama. Hivyo ndivyo alivyofanya. Msafara ukasimama nyuma yake. Honi zikapigwa mpaka zikapiga kwikwi.

Mkubwa akashuka. Mtu wa haraka, suti ya kijivu, akaja mwenyewe akipita ukingoni kumsemesha dereva, hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu kiatu kikabaki. Lami imekikamata. Akavuta, mguu ukatoka na soksi, kiatu kikakaa pale kimefungwa kamba vizuri kama kinamsubiri mwingine. Na rola linakuja. Nikamtazama mume wangu, nikajua hatasimama kwa kiatu wakati hakusimama kwa mwenyewe. Mimi debe langu lilikuwa na maji, soksi ya mkubwa inafuka moshi, basi nikamwagia mguu ule, maji yale yale ya rola. Rola likapita. Likaenda, likarudi. Kiatu kikaingia barabarani.

Mkubwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, ameshika bega la msimamizi, anaitazama lami inavyong'aa, laini, haina hata mkunjo. Akamwuliza mume wangu itachukua muda gani. Mume wangu akasema, "Mpaka inyamaze, mheshimiwa." Mkubwa akacheka mpaka akakaribia kupoteza na kiatu cha pili. Akageuka akawaambia wenzake, basi leo tumfuate kobe. Wakamfuata. Rola mbele, mimi mbele ya rola kinyumenyume na tumbo langu, magari meusi nyuma, mpaka darajani. Wa kwanza kuipita barabara ile ilipofunguliwa hakuwa mkubwa. Alikuwa mume wangu. Na wa kwanza kabisa kilikuwa kisogo changu.

Kuanzia siku hiyo vibarua wakamwita Kobe, na alilivaa jina hilo kama medali. Watoto waliimba kwa sababu wazazi wao waliimba. Barabara hii imezibwa viraka posta, imezibwa mahakamani, pale sokoni imekuwa kama suruali ya mwanafunzi. Kona haijaguswa. Wifi mwenyewe anapita hapo kila siku na beseni la mayai kichwani na hajawahi kujikwaa. Kazi ya kobe hiyo.

Nilipomaliza nilijiona mwenyewe nimekaa wima kitini kama bibi harusi.

Wifi akaanza kuhesabu makosa yangu, kwa utulivu, ndiyo mbaya zaidi. Alisema mwaka ule alikuwa kwa mumewe mbali, hakuona, na asiyekuwepo na lake halipo, lakini masikio alikuwa nayo. Kwenye harusi ya mpwa wetu kiatu kilikuwa buti. Kwenye msiba wa jirani kilikuwa na bizimu ya dhahabu. Na wajukuu niliwaambia kwamba mguu ulikuwa bado umo ndani.

Hilo la mguu nililikubali. Wajukuu walikuwa hawataki kulala.

Lakini nilichomwa. Maisha yangu yote nimetia chumvi kwenye mambo ya watu, na hili moja lisilohitaji hata punje, hakuna anayelila. Nilimwapia kwa kaburi la marehemu, akasema niliapa vivyo hivyo kwa habari ya kuku wa posta. Binti yangu akajaribu kutusuluhisha, akasema muda unakwisha, tutaamka kesho mlango wetu unaitwa petroli, na baba atabaki bila jina lolote, wala refu wala fupi. Tukamwangalia wote wawili. Sikuwahi kumwona wifi amechoka namna ile. Alipangusa meza kwa kiganja ingawa ilikuwa imekauka zamani.

"Haya," akasema, akainua kidole. "Mimi siyo mtu mgumu. Nionyeshe hicho kiatu. Siku nitakayokiona kwa macho yangu, ndugu yangu ataitwa Kobe, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kulitamka. Lakini usiponionyesha, wifi yangu, leo hii utakwenda kwa bwana wa manispaa, kwa miguu, tena uso ukiwa mbele, ukamwambie aandike..."

Hapo ndipo nilipogundua sururu zimenyamaza. Tangu asubuhi zilikuwa zinagonga ukingoni mwa barabara, tumezizoea kama saa ya ukutani, na sasa kimya. Nje watu walikuwa wanaulizana kitu kwa sauti za chini.

Mlango ukafunguliwa kwa bega. Nyapara wa vibarua aliingia bila hodi, kofia imerudi kisogoni, jasho linamtiririka, amebeba koleo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia la mgeni. Juu ya koleo palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kirefu kama kiganja na nusu, bapa kama chapati, na pembeni yake kamba imefungwa vizuri.

Wifi alikuwa bado ameinua kidole.