Milele na Milele ya Mwalimu Verdiana

Mwalimu Verdiana alikuwa na sauti ya kumrudisha ng'ombe aliyekwisha kuvuka mto, na asubuhi aliitumia yote kutusalimu. "Tumsifu Yesu Kristu!" Nasi shule nzima tunaitikia, "Milele na milele, amina!" Mimi Joha na rafiki yangu Siwema tulikuwa watoto wa Kiislamu, jioni tunakwenda chuoni kwetu, lakini kwa kuitikia hakuna Mkatoliki aliyetufikia. Utamu wenyewe ulikuwa kupiga kelele kwa ruhusa.

Alikuwa mjane, mwenyeji wa milimani, na mumewe alifia kwenye mkonge hapa Rudewa. Alifundisha dini katika shule ya misheni, na kila Alhamisi baada ya masomo alitutoa na ndoo kwenda kambi ya zamani ya manamba. Humo walibaki wazee walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, hawana mke wala mtoto, wengine hata kijiji walikotoka wamekisahau. Tuliwachotea maji, tukawafulia mablanketi. Ukinung'unika, Mwalimu alikwambia, "Nung'unika tu, mwanangu, ila usimwage." Nilimpenda sana mwanamke yule.

Serikali ilipochukua shule za misheni tukaletewa mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Melkizedek, kijana wa soksi ndefu. Mimi sikumpenda na mpaka leo simpendi. Aliitaka Alhamisi yetu iende kwenye shamba la pamba la shule.

"Sasa ni elimu ya kujitegemea, mama," alimwambia Verdiana. "Afisa Elimu anakuja kutoka Kilosa, atalimaliza jambo hili mwenyewe."

"Na maji ya wazee?"

"Nao wajitegemee."

Mzee Filipo wa kambini alikuwa haoni, na mto uko bondeni. Ajitegemee vipi hapo?

Kwa ajili ya ile sauti yake, Verdiana akaamriwa atufundishe kuitikia salamu za chama. Akisema "Uhuru!" tujibu "Na kazi!" Alitufundisha kwa bidii, mimi ni shahidi. Lakini mtu mzima akitupazia sauti, midomo yetu ilijua njia moja tu.

Siku ikafika. Afisa akashuka kwenye Landrova, akasimama mbele ya mistari yetu, akainua ngumi.

"Uhuru!"

"Milele na milele, amina!"

Alishtuka kidogo, kisha akatabasamu. Uhuru wa milele, nani ataukataa?

"Ujamaa!"

"Milele na milele, amina!"

Mwalimu Melkizedek alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye soksi. Afisa naye kapata moto, haambiliki.

"Ukoloni!"

Wallahi, hiyo ndiyo tuliyoiitikia kuliko zote.

Afisa akageuka polepole. "Nani amewafundisha watoto hawa?"

"Huyu hapa!" Melkizedek hakuchelewa.

Verdiana akasogea mbele, mikono kifuani. "Ni mimi, ndugu afisa. Ukoloni umekwenda motoni. Nasi tunafundisha kwamba ukishaingia huko, ni milele na milele."

Afisa alicheka hadi akashika mlango wa gari. Melkizedek, kwa uso uliokunjamana, akamkumbusha suala la Alhamisi.

"Hao wazee ni Wakatoliki?" afisa akauliza.

"Mmoja mmoja," Verdiana akajibu. "Kiu wanayo wote."

Afisa akatazama kambi, akatazama pamba, akatazama jua. "Jambo hili linataka kufikiriwa. Nitaamua nikirudi. Mpaka nirudi, waendelee na maji." Akapanda gari, akatupungia mkono. "Haya watoto, kwaherini!"

"Milele na milele, amina!"

Na kweli hakurudi. Tulisikia amehamishiwa Rufiji, tena kwa cheo kikubwa. Melkizedek alimngoja mpaka naye akahamishwa. Waliomfuata kila mmoja aliuliza kibali cha Alhamisi kiko wapi, na Verdiana aliwajibu kwa adabu zote, "Tunamngoja afisa." Aliendelea hivyo hadi tulipomzika Mzee Filipo, wa mwisho wa kambi ile.

Na kila Alhamisi, kabla hatujashika ndoo, alituombesha. Mungu ampe afisa afya njema, amzidishie cheo, na kazi yake iwe mbali.

Hapo tuliitikia bila kukosea.